Kuchagua Mchikichi Ungali Mchanga

Mtu akishuka katika gari la moshi Kigoma, akaifuata njia iendayo Ujiji, haendi mbali kabla hajaiona michikichi. Imesimama katika mashamba ya muhogo, mabondeni, na nyuma ya nyumba za watu, mingine mirefu hata yapita paa mara nne au tano. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari, 1858, waliyakuta mawese katika biashara ya mji ule, kama yauzwavyo mpaka leo. Kwa hiyo mti huu si mgeni kwetu, wala hatukusudii kumfundisha mtu wa ufuko wa Tanganyika jinsi ya kukamua mawese. Twataka kunena habari ya jambo jingine, ambalo wazee wetu hawakupata nafasi ya kulichungua: ni kwa dalili gani mtu aweza kujua, mchikichi ungali mchanga, kama wafaa kuwekwa au kung'olewa, na kama wafaa kuwa mzazi wa miti ijayo.

Jambo hili si la watu wa vitabu peke yao. Katika chuo tunachofundisha alikuwapo mwanafunzi mmoja aliyekosa muhula mzima kwa sababu baba yake alianguka katika mchikichi. Alikwea alfajiri, shina lina umande, na kamba ya kiunoni ikateleza. Hakufa, lakini nyonga ilivunjika, na kijana ilimbidi akae nyumbani alime badala yake. Mti ule aliupanda babu yao. Maana yake ni kwamba kimo kile kilichomwangusha baba kilianza siku ile babu alipoiokota kokwa moja chini ya mti mmoja, bila kuuliza mti ule ni wa namna gani. Mchikichi usiochaguliwa, ukiisha kusimamisha shina, huongezeka kimo kadiri ya nusu mita kila mwaka, na pengine zaidi. Ukifika miaka 20 hivi, mikungu yake iko juu kiasi cha mita 10, na hapo mundu uliofungwa katika upondo haufiki vyema. Ndipo mwenye shamba hupanda mwenyewe, au humtuma mwanawe.

Basi mtu atauliza, kwa nini tusitafute mchikichi mfupi tukauzidisha? Wenzetu wa Mtwara na Lindi walimao korosho wana njia nyepesi. Mkorosho mmoja mzuri ukipatikana, vikonyo vyake hukatwa vikabebeshwa katika miche mingine, na kila mche uliobebeshwa huwa kama mti ule ule. Huko Brazil, katika jimbo la Ceará, wataalamu walichagua mikorosho mifupi kwa miaka mingi, hata leo wanayo ile ya kimo kidogo inayoanza kuchanua katika mwaka wake wa kwanza au wa pili. Lakini mchikichi hauna tawi. Una kichwa kimoja tu juu ya shina, na ukikikata umeua mti. Ziko maabara chache duniani ziwezazo kuotesha mchikichi kutokana na vipande vidogo vya mti mzazi, walakini kazi hiyo ni ghali, na pengine miti iliyopatikana hivyo imezaa maua yenye kasoro. Sisi wengine hatuna njia ila mbegu, na mbegu ina baba na mama.

Yafaa kwanza tuzijue aina tatu za chikichi. Twaa tunda bivu, ulikate katikati kwa kisu kikali hata uipasue na kokwa. Aina ya kwanza huitwa dura. Kifuu chake ni kinene, tangu milimita 2 hata 8, na ile nyama yenye mafuta ni ukanda mwembamba juu yake. Michikichi mingi iliyojiotea katika vijiji vyetu ni ya namna hii. Aina ya pili huitwa tenera. Kifuu ni chembamba, nyama ni nyingi, na ukitazama kwa makini utaona duara ya nyuzi nyeusi zikikizunguka kifuu, nayo ni alama ambayo dura haina. Aina ya tatu ni pisifera, isiyo na kifuu kabisa. Ni nyama tupu, na mise ndogo katikati, au hata mise hamna. Mtu angedhani ya kuwa hii ya tatu ndiyo bora kupita zote. Kumbe miti mingi ya pisifera ni tasa: mikungu yake huoza ingali michanga, mwenye mti asivune hata kikapu kimoja.

Kwa muda mrefu watu hawakujua aina hizi zahusianaje. Jibu lilipatikana ng'ambo ya ziwa letu, mbali katika Kongo, kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi kando ya mto mkubwa. Mwaka 1941, nchi ile ilipokuwa chini ya Wabelgiji, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba kifuu ni jambo la urithi mmoja ulio rahisi kuhesabika. Kila mti hupokea urithi huo mara mbili, mara moja kwa mama na mara moja kwa baba. Dura imepokea kifuu kwa wote wawili. Pisifera haikupokea kwa yeyote. Tenera imepokea kwa mmoja tu, ndiyo sababu kifuu chake kiko kati na kati. Basi ukiuoza mti wa dura kwa chavua ya pisifera, watoto wote watakuwa tenera, asikosekane hata mmoja. Lakini ukipanda kokwa za tenera zilizopata chavua ya tenera nyingine, katika kila watoto wanne utegemee dura moja, tenera mbili, na pisifera moja. Na kama tenera yako imesimama peke yake katikati ya dura za jirani, wadudu na upepo wakaleta chavua ya jirani, nusu ya watoto watakuwa dura.

Twawaomba wasomaji wasipite hapa upesi, maana ndipo watu wenye bidii hukosea kuliko wavivu. Mtu huuona mti wa tenera wenye nyama nyingi, husema, "Huu ndio wa kuchukua mbegu," akazipanda kwa uangalifu mkubwa, naye atavuna mchanganyiko. Mtu huyo huyo akionyeshwa katika kituo cha utafiti mti ule ambao ni mama wa mbegu zinazouzwa, akaikata chikichi yake na kuona kifuu kinene, atakataa mbegu akidhani amedanganywa. Lakini mama ni dura kwa makusudi. Tenera nzuri za shamba lote ni watoto wa mama mwenye kifuu kinene na baba asiyezaa. Jicho likitazama tunda la mama peke yake hudanganyika mara zote mbili.

Gharama ya kosa hilo si ndogo. Katika hekta moja, miti ikipandwa kwa mpango wa pembe tatu na mita 9 kati ya mti na mti, huingia miti 143. Mti huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, nao hukaa shambani miaka 25. Tenera hutoa mafuta karibu thuluthi moja zaidi ya dura iliyo ndugu yake, katika ardhi ile ile na kwa jembe lile lile. Basi mwenye kupanda mchanganyiko hungoja miaka mitatu kabla ya kujua hasara yake, kisha huibeba kwa miaka ishirini na zaidi, kwa sababu nani atang'oa mti ulioanza kuzaa?

Tangu mwaka 2018, Serikali ilipoazimu kuufufua mchikichi katika mkoa wa Kigoma, kituo cha TARI Kihinga kimepewa kazi ya kuzalisha mbegu za tenera kwa njia hiyo ya dura na pisifera. Ua la kike hufunikwa mfuko siku kadhaa kabla ya kufunguka, ili chavua ya nje isiingie. Likiisha kuwa tayari hunyunyiziwa chavua ya baba aliyechaguliwa, kisha hufungwa tena, na huandikwa mama ni nani, baba ni nani, na tarehe. Baada ya miezi mitano au sita mkungu huiva. Mbegu nazo zina usingizi mzito; hutiwa katika joto la kadiri ya digrii 39 kwa siku 60 hata 80 ndipo zikubali kuota pamoja. Mtu akinunua mche, na aulize habari ya wazazi wake kabla ya kuuliza bei.

Sasa tuingie kitaluni. Mche wa mchikichi kwanza hutoa majani membamba yenye ncha kama mkuki. Baadaye hutoka majani yaliyopasuka nchani kama mkia wa mbayuwayu, na mwisho hutoka makuti yaliyochanika pande zote mbili, kama ya mti mzima. Yapasa kuyatazama haya kwa umri. Mche ambao wenzake wamekwisha kuchanua makuti, wenyewe ungali na majani ya kitoto yasiyochanika, una kasoro. Tena yatupwe yale yenye majani membamba kama nyasi, na yale yaliyosokotwa au kukunjamana, na ule uliosimamisha majani yote juu wima kama ufagio, maana huo mara nyingi hautazaa. Upo na mche ulio bapa juu, makuti mapya ni mafupi kuliko ya zamani, kana kwamba umekatwa kwa mkasi. Huo nao usipite. Kazi ya kwanza ya kutupa hufanywa miche inapohamishwa kutoka viriba vidogo kwenda vikubwa, kama miezi mitatu baada ya kuota, na ya mwisho hufanywa karibu na kupanda, mche ukiwa na miezi kumi au kumi na miwili. Kitalu chenye msimamizi mwangalifu hutupa kiasi cha miche 20 hata 30 katika kila 100. Wengi huona uchungu kutupa kitu kilicho hai, hasa kama wamekitilia maji wakati wa kiangazi. Tumewaona wanafunzi wetu wakiirudisha kwa siri miche tuliyoitupa, wakaipanda nyuma ya bweni.

Katika kazi hiyo neno "mfupi" lina hatari, kwa kuwa ufupi ni wa namna mbili. Mche uliodumaa kwa ugonjwa, au kwa kasoro ya kuzaliwa, ni mfupi wa majani. Mchikichi mfupi tunaoutafuta ni mfupi wa shina, lakini makuti yake ni mengi na yenye afya. Na katika kitalu shina halijaonekana bado! Mchikichi hutumia miaka yake ya kwanza kupanua kitako chake ardhini, na hapo ndipo shina huanza kupanda. Kwa hiyo mtu asemaye kitaluni, "Nimechagua miche mifupi ili nisije nikakwea," amechagua wagonjwa. Vivyo hivyo aliyechagua mirefu huenda amechagua ile iliyosongamana, ikanyoshana shingo kutafuta mwanga. Mche mwema ni mnene chini, makuti yake yamefunguka pande zote, nao wafanana na ndugu zake wengi wa umri ule. Kitalu huonyesha wa kukataliwa. Hakionyeshi bado aliye bora.

Nasi hatukuyajua haya bila kuadhirika. Miaka kadhaa iliyopita tulipewa kokwa za mti mzuri wa tenera, tukazipanda katika shamba la chuo. Mmoja wa miti ile uliwapita wenzake wote. Makuti yake yalikuwa mapana, rangi yake ya kijani iliyokolea, na wanafunzi wakauita Jumbe. Kila mgeni aliyekuja tulimpeleka kumwona Jumbe, na wako waliokwisha kuomba mbegu zake. Mwaka wa nne miti iliyokuwa midogo ikaanza kuzaa. Jumbe alitoa maua mengi ya kike, mengi kuliko wote, tukafurahi. Kisha kila mkungu ukawa mweusi ukaoza. Tulipata vitunda vichache tu, tukavikata, na ndani hapakuwa na kifuu. Jumbe alikuwa pisifera. Nguvu ambayo wenzake waliitumia kulisha matunda, yeye aliitumia kujenga makuti na shina, na sisi walimu tulikuwa tumemsifu kwa utasa wake.

Tangu siku hiyo tulianza kupima badala ya kusifu, nayo si kazi ngumu hata mwanafunzi asiweze. Kuti la kwanza ni lile jipya kabisa lililokwisha kufunguka. Makuti huzunguka shina kwa mpango, hata la 9 liko karibu chini ya la kwanza, na la 17 chini ya la 9. Wapimaji wa nchi nyingi hulichukua hilo la 17, wakapima urefu wake, na unene wa bua lake, na kuhesabu vijani vyake, ili mti wa Kigoma na mti wa Malaysia viweze kulinganishwa. Makuti yaliyotoka mwakani huhesabiwa. Mti mzima hutoa 20 hata 24, mchanga hutoa zaidi. Kimo cha shina hupimwa tangu ardhini hata kitako cha kuti lenye hesabu ile ile kwa miti yote. Tuliona ni vema kuanza mwaka wa tano, na kurudia mwezi ule ule kila mwaka.

Lakini vipimo havina maana kama miti haikulelewa sawasawa. Huwezi kutoa mtihani, huyu ukampa hesabu tano na yule kumi, kisha ukampanga wa kwanza na wa mwisho. Mti ulio karibu na choo au zizi utakua kuliko ulio juu ya changarawe, na ule uliopandwa karibu mno na wenzake utarefuka kwa sababu ya kivuli. Ndiyo maana kituoni watoto wa ukoo mmoja hawapandwi mahali pamoja, bali hutawanywa katika sehemu nyingi za shamba, kila ukoo upate sehemu yake ya ardhi nzuri na mbaya. Tena hapa kwetu kuna kiangazi kikali, tangu Juni hata Septemba, na mvua ya mwaka ni kama milimita 1,000 tu, hali mchikichi ungependa mara mbili ya hiyo. Mti ulioona kiu hutoa maua ya kiume mengi na ya kike machache, wala hauyatoi papo hapo. Ukame wa mwaka huu waweza kuonekana katika mikungu ya mwaka ujao au wa pili. Kwa hiyo asihukumu mtu mti kwa mwaka mmoja. Mikungu ihesabiwe na kupimwa uzito kwa miaka minne na zaidi.

Wasomaji watauliza, je, hapana njia ya kukijua kifuu kabla ya tunda? Sasa ipo. Mwaka 2013 wataalamu wa Malaysia na wenzao wa Marekani walitangaza ya kuwa wameipata sehemu yenyewe ya urithi inayoamuru kifuu. Tangu hapo kipande cha jani la mche, kikipelekwa katika maabara yenye vyombo, chaweza kusema kama ni dura, tenera, au pisifera, mche ungali katika kiriba. Mkulima wa Simbo au Ilagala hatapeleka jani la kila mche, lakini wazalishaji wa mbegu waweza kuhakikisha hivyo kwamba chavua ya kigeni haikuingia katika mifuko yao. Juu ya kimo na uzito wa mikungu hapana jibu jepesi namna hiyo, kwa maana mambo hayo huamriwa na urithi mwingi uliochanganyika, pamoja na ardhi na mvua.

Limebaki swali la baba. Pisifera haizai, basi kituo kitajuaje kwamba chavua yake italeta mikungu mizito na mashina mafupi? Hapo hapana ila kumjua baba kwa watoto wake. Chavua ya kila pisifera hutiwa katika maua ya dura kadhaa, watoto hupandwa, hupimwa kimo na mikungu miaka mingi, kisha hurudi kwa baba yule ambaye watoto wake walishinda. Toka kuoza ua hata kupata hukumu ni kama miaka kumi, na mtaalamu aliyeanza huenda asiwe ndiye amalizaye.

Wanafunzi walituomba tumweke Jumbe awe baba wa miti ya chuo. Tulimfikiria sana, hata tulimpima: shina lake lilikuwa limewapita ndugu zake kwa urefu wa mkono mzima. Hatukujua ukoo wake zaidi ya mama, na hatukutaka kuwarithisha watu wa hapa miti mirefu zaidi ya ile waliyo nayo. Tulimkata mwezi wa Oktoba, mvua ikikaribia. Mahali pake tulipanda mche uliotoka kituoni, wenye kibao kinachoonyesha namba ya mama na namba ya baba. Una makuti manane, na shina halijaonekana. Kimo chake kitaanza kuandikwa mwaka wa tano.